Mawimbi ya Redio Yatokayo Katika Manyunyu ya Mionzi ya Kosmiki

Mtu afunguaye redio usiku na kuisimamisha mahali ambapo hapana kituo husikia mvumo. Sehemu ya mvumo huo hutokana na mashine na nyaya za umeme zilizo karibu, sehemu hutokana na radi zipigazo mbali, na kwa mawimbi yenye urefu wa mita chache, sehemu kubwa hutoka katika galaksi, lile kundi kubwa la nyota ambamo jua letu limo. Ndani ya mvumo huo, mara chache sana, hupita pigo moja la mawimbi lidumulo kwa sehemu ndogo tu ya milioni moja ya sekunde. Hakuna sikio liwezalo kulisikia, wala redio ya nyumbani iwezayo kulitenga na mengine. Lakini pigo hilo hubeba habari za chembe moja iliyosafiri angani kwa muda usiokadirika, ikaishia katika hewa ya dunia. Namna pigo hilo lizaliwavyo, na namna wataalamu walivyolipata, wakaliacha, kisha wakalirudia, ndiyo maudhui ya makala haya.

Chembe zitokazo mbali

Tarehe 7 Agosti 1912 Victor Hess, mwanafizikia wa Austria, alipanda katika puto hadi kimo cha mita 5,300 hivi, akiwa na vyombo vya kupimia mnururisho ufanyao hewa ipitishe umeme. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba mnururisho huo hutoka ardhini, katika mawe yenye urani na elementi nyingine za aina hiyo. Kama ndivyo ilivyokuwa, vyombo vya Hess vingalionyesha upungufu kila alivyozidi kupanda. Vilionyesha upungufu kidogo hapo mwanzo, kisha ongezeko, na huko juu kabisa ongezeko lilikuwa kubwa kiasi cha kutoacha shaka. Hess akakata shauri kwamba mnururisho huo huingia kutoka nje ya dunia. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Jina la mionzi limebaki kwa mazoea tu. Kwa hakika vitu viingiavyo ni chembe zenye chaji ya umeme: nyingi ni protoni, yaani viini vya hidrojeni, zinafuatwa na viini vya heliamu, na baada ya hivyo viini vizito zaidi hadi kufikia chuma. Mwaka 1938 Pierre Auger na wenzake wa Ufaransa waliweka vihesabio vya Geiger mbalimbali, hata kwa umbali wa mita 300, wakaona kwamba mara kwa mara vilishtuka kwa wakati mmoja. Chembe moja haiwezi kupita mahali pawili kwa wakati mmoja. Ilikuwa lazima, basi, kwamba chembe nyingi zilishuka pamoja zikiwa na asili moja.

Asili hiyo ni hii. Protoni yenye nishati kubwa inapoingia hewani hugonga kiini cha naitrojeni au oksijeni katika kimo cha makumi ya kilometa. Katika mgongano huo huzaliwa chembe nyingi ziitwazo pioni. Pioni zisizo na chaji hugeuka mara moja kuwa miali ya gama. Kila mwali wa gama hugeuka kuwa elektroni moja na positroni moja (positroni ni ndugu wa elektroni mwenye chaji chanya). Na elektroni na positroni hizo, zinapopita karibu na viini vya hewa, hutoa miali mingine ya gama. Mbili huwa nne, nne huwa nane. Nishati ile ya mwanzo hugawanyika kwa chembe zizidizo kuongezeka, mpaka fungu la kila moja liwe dogo hata lisitoshe kuzalisha tena. Hapo manyunyu huwa yamefikia kilele, kisha hupungua. Chembe ya kwanza ikiwa na nishati ya elektroni-volti 10¹⁸, kileleni huwapo elektroni na positroni kwa mamia ya mamilioni. Zote hushuka karibu kwa mwendo wa nuru, zikiwa zimejipanga kama chapati pana ambayo karibu na kati yake unene ni wa mita chache tu.

Nishati hizo si jambo dogo. Tarehe 15 Oktoba 1991 chombo kiitwacho Fly's Eye, katika jangwa la Utah huko Marekani, kilipima manyunyu ambayo chembe yake ya kwanza ilikuwa na elektroni-volti 3.2 × 10²⁰, yaani jouli 51 hivi. Mwanafunzi akipiga hesabu ataona kwamba nishati hiyo yatosha kuinua mzigo wa kilo 5 kwa mita 1, nayo ilikuwa imebebwa na kiini kimoja cha atomi. Mashine kubwa ya kuharakishia protoni iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa haifikii hata sehemu moja ya milioni kumi ya kiasi hicho.

Ni kitu gani katika ulimwengu kiwezacho kurusha kiini kwa nguvu hiyo? Hilo halijajibiwa. Ugumu wake ni kwamba chembe zenye chaji hupindishwa njiani na sumaku zilizomo katika galaksi na baina ya galaksi, hata zifikapo kwetu zimekwisha kupoteza mwelekeo wa kwao. Tena hazipindi sawasawa. Kiini cha chuma kina chaji 26 dhidi ya moja ya protoni, na kwa nishati ile ile hupindishwa mara 26 zaidi. Mtu asiyejua kama chembe ilikuwa protoni au chuma hawezi kuifuata nyuma hadi ilikotoka. Kwa sababu hiyo kupima nishati peke yake hakutoshi. Sharti ujulikane na uzito wa chembe. Hapo ndipo redio inapoingia.

Rada iliyokosa shabaha

Wa kwanza kufikiria redio walifikiria jambo jingine kabisa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watumishi wa rada nchini Uingereza waliona myangwi ya ghafula isiyotoka kwa ndege yoyote. Mwaka 1941 Patrick Blackett na Bernard Lovell walitoa hoja kwamba huenda myangwi hiyo inarudishwa na manyunyu ya mionzi ya kosmiki, kwa kuwa manyunyu huacha nyuma yake njia ya hewa yenye elektroni huru.

Vita vilipokwisha Lovell alipata mitambo ya rada ya jeshi akaijaribu katika Chuo Kikuu cha Manchester. Tramu za umeme zipitazo barabarani zikamharibia kila kitu. Akahamishia mitambo hiyo shambani, mahali paitwapo Jodrell Bank, ambapo idara ya mimea ya chuo ilikuwa na viwanja vyake. Mwezi wa Desemba 1945 alianza kuona myangwi, na mingi kuliko alivyotazamia. Lakini haikuwa ya mionzi ya kosmiki. Ilikuwa ya vimondo. Usiku mmoja wa Oktoba 1946, dunia ilipopita katika mavumbi ya nyotamkia, myangwi iliongezeka ghafula sawa na vimondo vilivyoonekana kwa macho, na shaka ikaisha.

Hesabu ya 1941 ilikuwa na upungufu. Katika hewa nzito ya chini elektroni huru hugongana na molekuli mara nyingi mno, tena hukamatwa upesi mno, hata zisiweze kurudisha wimbi la rada. Wazo lenyewe halikufa: katika miaka ya 2010 lilijaribiwa tena huko Utah kwa mtambo wenye nguvu sana, na mara hiyo pia hakuna mwangwi ulioonekana. Hata hivyo Jodrell Bank ilikwisha kuwa kituo cha unajimu wa redio, chenye darubini ya kipenyo cha mita 76 iliyokamilika 1957. Ndiyo kusema kosa moja la hesabu lilijenga mojawapo ya vituo mashuhuri vya sayansi duniani.

Kwenye viwanja hivyo hivyo, miaka karibu ishirini baadaye, manyunyu yalipatikana. John Jelley wa Harwell, Neil Porter wa Dublin na wenzao, akiwamo mwanafunzi Trevor Weekes, walitandaza safu ya antena 72 za waya zilizosikiliza megahezi 44, wakaweka na vihesabio vya Geiger. Vihesabio vilipotoa habari kwamba manyunyu yamefika, oskiloskopu ilionyesha kilichopokewa na antena katika dakika hiyo. Katika mara 4,500 hivi walipata mapigo 11 ya wazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1965. Safari hii hakuna aliyetuma wimbi lolote angani. Manyunyu yenyewe ndiyo yaliyokuwa yakitangaza.

Kwa nini elektroni hutangaza pamoja

Wavuvi wakipandisha ngalawa ufukweni, kila mmoja akivuta kwa wakati wake, ngalawa haisogei. Mmoja wao akiita "Harambee!" na wote wakavuta mara moja, ngalawa hupanda. Idadi ya watu haikuongezeka wala nguvu ya kila mtu haikuzidi.

Mawimbi ya elektroni hufuata kanuni hiyo kwa ukali zaidi. Elektroni zikitoa mawimbi yasiyopatana, kilele cha moja hukutana na bonde la nyingine, na nguvu ya jumla huwa sawa na ya elektroni moja mara idadi yao. Zikipatana, vilele hujumlishwa na vilele. Kimo cha wimbi hukua kwa idadi ya elektroni, na nguvu yake hukua kwa kipeo cha pili cha idadi hiyo. Kwa elektroni milioni moja tofauti baina ya hali hizo mbili ni mara milioni moja.

Kinachoamua kupatana ni ulinganifu wa urefu wa wimbi na unene wa kundi. Kwa megahezi 50 urefu wa wimbi ni mita 6 (mwendo wa nuru, mita milioni 300 kwa sekunde, ugawanywe kwa milioni 50). Chapati ya chembe ina unene wa mita chache, hivyo elektroni zote zimo ndani ya sehemu ya wimbi moja. Kwa mawimbi mafupi zaidi upatano huvunjika, isipokuwa mahali pamoja pa pekee. Hewa hupunguza kidogo mwendo wa mawimbi, kama sehemu tatu katika elfu kumi hapa chini, na chembe za manyunyu huenda mbio kuliko mawimbi yao wenyewe. Kwa pembe ndogo, karibu na nyuzi 1 kutoka kwenye mhimili wa manyunyu, mawimbi yaliyotolewa katika sehemu mbalimbali za safari hufika yote kwa wakati mmoja, na ardhini huonekana pete yenye nguvu zaidi.

Mbali na upatano, ni lazima pawepo na kitu kinachozifanya chembe zitoe mawimbi. Vipo viwili. Cha kwanza, kilichofafanuliwa na Franz Kahn na Ian Lerche mwaka 1966, ni sumaku ya dunia. Uga wa sumaku husukuma elektroni upande mmoja na positroni upande wa pili. Kwa kuwa chaji zao ni kinyume, misukumo hiyo miwili huleta mkondo mmoja wa umeme unaokatiza njia ya manyunyu. Mkondo huo huzaliwa, hukua na kufa pamoja na manyunyu, na mkondo ubadilikao hutoa mawimbi ya redio, kama ilivyo katika antena ya kituo chochote.

Cha pili kilitabiriwa na Gurgen Askaryan wa Urusi ya Kisovieti mwaka 1962. Chembe zishukazo hung'oa elektroni katika atomi za hewa na kuzichukua, huku positroni zikitoweka kwa kukutana na elektroni. Basi mbele ya manyunyu chaji hasi huzidi chaji chanya, na ziada hiyo pia hukua na kupungua. Kwa miaka mingi jambo hili lilikuwa nadharia tu, mpaka wataalamu wa California walipopiga miali ya gama ndani ya tani kadhaa za mchanga na kuyapata mawimbi waliyoyatazamia. Walichapisha habari hiyo mwaka 2001.

Mwalimu atakayetaka kujua jinsi vyanzo hivyo viwili vinavyotengwa azingatie upande wimbi linakotikisikia. Wimbi la sumaku hutikisika kwa mwelekeo mmoja kila mahali, ule wa msukumo wa uga. Wimbi la Askaryan huelekea kwenye mhimili wa manyunyu, kwa hiyo mwelekeo wake hubadilika kila mtu azungukapo mhimili huo. Upande mmoja mawimbi hayo mawili husaidiana, upande wa pili hupingana, na alama ya redio ardhini hufanana na punje ya haragwe kuliko duara. Katika vipimo vilivyofanywa Argentina fungu la Askaryan lilikuwa kama asilimia 14 ya lile la sumaku.

Ushahidi wa kazi ya sumaku ulionekana vizuri huko Nançay nchini Ufaransa, ambako antena zilipokea manyunyu mengi kutoka kaskazini na machache kutoka kusini. Huko uga wa dunia huinama kuelekea kaskazini na chini, na manyunyu yatokayo kusini hushuka karibu sambamba na uga, hivyo hayasukumwi sana. Huku Afrika Mashariki, kusini ya ikweta ya sumaku ambayo hupita Ethiopia, mambo yangekuwa kinyume: uga umelala zaidi, na mahali hafifu pangekuwa kaskazini, chini kuelekea upeo wa macho. Manyunyu yashukayo wima yangekata uga karibu kwa pembe mraba, na hiyo ndiyo hali iliyo bora.

Miaka ya kimya

Baada ya 1965 vikundi vingi viliingia katika kazi hii, hasa kile cha Haverah Park karibu na Leeds. Mwaka 1971 H. R. Allan aliandika muhtasari uliokuwa rejea kwa miaka mingi. Kisha kazi ikafifia. Vipimo vya nchi mbalimbali vilitofautiana kwa kiasi kikubwa, na hapakuwa na njia ya kujua ni nani aliyekosea. Mawingu ya radi yalikuza mapigo bila taarifa. Oskiloskopu zilipigwa picha kwenye filamu, na kila pigo lilipimwa kwa macho. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 wengi walikuwa wamehamia kwenye njia nyingine.

Walichokosa kilikuwa kompyuta. Mwaka 2003 antena 10 ziliwekwa mjini Karlsruhe, Ujerumani, kati ya vipimio vya chembe vilivyokuwapo tayari. Mradi huo uliitwa LOPES. Mahali hapo pana kelele nyingi za mitambo, na mtu angeshauri waende penginepo. Lakini kila antena iliandika mawimbi yake kwa tarakimu, na kompyuta iliweza kuyachelewesha na kuyajumlisha baadaye, kana kwamba antena zote zilikuwa zimeelekezwa upande yalikotoka manyunyu. Kelele za mitambo hazikupatana, zikafutana. Pigo lilipatana, likabaki. Matokeo yalitolewa mwaka 2005, na miaka ya kimya ikaisha.

Kuupata uzito

Kiini cha chuma chenye nishati fulani huingia hewani kama kifurushi cha chembe 56, kila moja ikiwa na sehemu moja ya 56 ya nishati hiyo. Manyunyu yake hugawanyika upesi na kufikia kilele juu sana. Protoni yenye nishati ile ile hupenya chini zaidi kabla ya kufikia kilele. Mtu ashikaye tochi juu ya paa huangaza ardhini duara pana. Akishuka ngazi, duara hupungua na kuzidi kung'aa. Alama ya redio hufuata kanuni hiyo. Wataalamu hupima upana wake, hukadiria kimo cha kilele, na kutokana na kimo hicho hupata uzito.

Zamani kimo cha kilele kilipimwa kwa darubini zionazo mwanga hafifu wa naitrojeni iliyoguswa na manyunyu. Njia hiyo ni nzuri, ila yahitaji usiku mweusi usio na mbalamwezi wala mawingu, na kwa mwaka mzima darubini hufanya kazi karibu asilimia 15 tu ya saa zote. Redio hufanya kazi mchana na usiku, hata chini ya mawingu, isipokuwa wakati wa radi.

Katika darubini ya redio ya LOFAR huko Uholanzi mamia ya antena yamo ndani ya duara la mita 320 hivi, na alama ya manyunyu moja huweza kuchorwa kwa ukamilifu. Mwaka 2016 watumiaji wake walichapisha matokeo ya manyunyu 118 yenye nishati baina ya elektroni-volti 10¹⁷ na 10¹⁷·⁵. Kwa makisio yao bora, viini vyepesi, yaani protoni na heliamu, vilikuwa karibu asilimia 80. Wengi walitazamia viini vizito zaidi, kwa kuwa inadhaniwa kwamba katika nishati hizo mitambo ya asili ya galaksi yetu inafikia ukomo wake na kusalia na chuma. Huenda, basi, nyingi ya chembe hizo zatoka nje ya galaksi, au katika galaksi mna chanzo ambacho hakijahesabiwa. Antena hizo hizo zilitoa faida nyingine isiyotarajiwa: manyunyu yapitayo katika wingu la radi hubadilishwa na umeme uliomo, na mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba umeme huo waweza kukadiriwa kutoka ardhini bila kuliingia wingu. Kwa nchi zilizolizunguka Ziwa Viktoria, ambako radi ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, habari hiyo si ya kupuuzwa.

Nishati nayo imepimwa. Katika kituo cha Pierre Auger karibu na Malargüe, Argentina, antena zaidi ya 150 zilitandazwa juu ya kilometa 17 za mraba. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba manyunyu ya elektroni-volti 10¹⁸ yakatayo uga wa huko kwa pembe mraba hutoa elektroni-volti milioni 15.8 za mawimbi kati ya megahezi 30 na 80. Mwanafunzi akigawanya ataona jinsi fungu la redio lilivyo dogo mno. Lakini hewa haiyanyonyi mawimbi hayo, na kwa hiyo kipimo chake ni cha kuaminika: nishati iliyotoka angani ndiyo ifikayo ardhini.

Kituo hicho kina matangi ya maji yapatayo 1,660, yaliyoachana kilometa 1.5, katika eneo la kilometa 3,000 za mraba. Ukubwa huo ni wa lazima, kwa sababu chembe za elektroni-volti 10²⁰ huanguka karibu moja kwa kila kilometa ya mraba katika miaka 100. Katika miaka ya hivi karibuni matangi hayo yamefungiwa antena juu yake. Shabaha ni manyunyu yajayo kwa kuinama sana. Elektroni zake humalizwa na hewa nyingi kabla ya kufika chini, na tangi hupokea muoni peke yake. Lakini redio ya elektroni hizo hufika, ikiwa imetandaa kwa kilometa nyingi. Antena hueleza habari za elektroni, tangi hueleza habari za muoni, na uwiano wa hizo mbili hubainisha kama kiini kilikuwa chepesi au kizito.

Umuhimu wa jambo hilo ulionekana tarehe 27 Mei 2021. Huko Utah vipimio 23 vya ardhini vilipokea manyunyu ya elektroni-volti 2.4 × 10²⁰, makubwa kuliko yote tangu yale ya 1991, nayo yakaitwa Amaterasu kwa jina la mungu wa jua wa Wajapani. Wataalamu walipofuata njia yake nyuma walijikuta wakielekea eneo la anga ambalo karibu ni tupu, halina galaksi iwezayo kulaumiwa. Ikiwa kilikuwa kiini cha chuma, chaweza kuwa kilitoka pembeni na kupindishwa njiani. Ikiwa ilikuwa protoni, ilikuja karibu moja kwa moja kutoka mahali pasipo na kitu. Kimo cha kilele chake hakikupimwa, na mawimbi ya redio yaliyotandaa juu ya jangwa asubuhi hiyo yalipita bila antena ya kuyapokea.